Injini Iliyofika Vipandevipande

Meli ya mvuke iliyoitwa William Mackinnon ilifika Ziwa Victoria ikiwa vipande. Kiwanda cha Bow, McLachlan cha Paisley, Uskoti, kiliiunda nzima kwanza kwa bolti na nati, kikakipa kila kipande namba yake, kisha kikaifungua yote na kuisafirisha hadi Mombasa. Kutoka pwani vipande hivyo vilichukua miaka kufika bara, vingine vichwani na mabegani mwa wapagazi, kwa kuwa reli ilikuwa bado inajengwa. Kwenye ufuo wa ziwa vikaunganishwa upya, safari hii kwa ribiti, na mwaka 1900 meli ikashushwa majini. Reli yenyewe ilifika Kisumu Desemba 1901. Sir William Mackinnon, mwanzilishi wa kampuni ya Imperial British East Africa, ambaye jina lake ndilo lililopewa meli, alikuwa amefariki tangu 1893. Hakuiona.

Mimi hufundisha historia katika shule ya upili hapa Bondo, na kila nikifika kwenye somo la reli na meli, hakosi mwanafunzi wa kunyoosha mkono na kuuliza: sasa Mwalimu, ni nani aliyeiunganisha? Vitabu vyetu vina jina la kiwanda, jina la kampuni na jina la bwana aliyekufa kabla meli haijaelea. Watu waliozishika zile ribiti zikiwa nyekundu kwa moto hawana majina. Nimelitafakari swali hilo kwa miaka mingi, na jibu lililo karibu zaidi na ukweli nimelipata katika gereji ya mabati iliyo kando ya barabara ya kwenda Usenge, mbele ya injini ndogo ya turbo ambayo nayo ilifika Bondo vipandevipande.

Ukitazama historia ya mashine katika ufuo huu, utaona jambo moja linajirudia. Mashine kubwa hazikuzaliwa hapa. Zilikuja zimefunguliwa, na zikawa nzima mikononi mwa watu wa hapa. Baada ya William Mackinnon zilifuata meli nyingine kwa njia hiyohiyo, na hata mwaka 1961, MV Victoria iliyotoka kiwanda cha Yarrow, Glasgow, iliunganishwa upya Kisumu kabla ya kuanza kubeba abiria. Kwa hivyo kwa miaka sitini na zaidi kulikuwa na watu Kisumu ambao kazi yao ilikuwa kuchukua kitu kilichobuniwa na mtu mwingine, kukisoma kwa vidole, na kukirudishia uhai. Karakana za reli zilikuwa chuo chao. Walikuwemo Wahindi waliokuja na reli, wengi wao Masingasinga waliojua chuma na mbao, na walikuwemo Waluo, Waluhya na wengine walioanza kama vibarua wa kushikilia taa, wakaishia kuwa mafundi bila mtu kutambua siku waliyovuka mpaka huo.

Kutoka karakana, ujuzi ukaingia gereji. Huko Kericho, milimani juu ya Kisumu, mwaka 1932 alizaliwa Joginder Singh, mtoto wa Singasinga aliyekuwa na gereji. Alikua kati ya spana. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia katika mashindano ya East African Safari wakiendesha Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya: ilikuwa imeshashindanishwa, ikachakazwa, ikauzwa. Waliifungua, wakaifunga upya, wakashinda. Joginder alishinda tena 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer, na Wakenya wakambandika jina la Simba. Nikiwasimulia wanafunzi wangu habari zake, ninasisitiza ile Volvo. Dereva alikuwa shujaa, hilo halina ubishi. Lakini ushindi wa kwanza ulianzia gereji, kwa watu waliokubali kwamba gari lililochoka bado lina kitu ndani yake.

Mashindano hayo yalikuwa yameanza 1953 kama Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalikuwa mashindano ya kudumu barabarani kuliko kukimbia tu. Vumbi, matope, mawe, ng'ombe. Na kulikuwa na adui mwingine asiyeonekana, ambaye fundi yeyote wa magharibi ya Kenya anamjua hata kama hana jina lake la kitaaluma: hewa nyepesi.

Injini huvuta hewa, huichanganya na petroli, huichoma. Hewa ikiwa kidogo, moto unakuwa mdogo. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapa ufuoni kanieneo ya hewa imeshapungua kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na Mombasa. Panda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, na zaidi ya robo imepotea. Ndiyo sababu gari lililokuwa na nguvu Likoni likifika Mau linapumua kama mzee. Halina ugonjwa. Limekosa pumzi.

Dawa ya ukosefu huo wa pumzi ilibuniwa na Mswisi, Alfred Büchi, aliyesajili hataza yake mwaka 1905. Wazo lake ni rahisi kueleza na gumu kutekeleza. Moshi unaotoka kwenye injini una nguvu ambayo hupotea bure kwenye ekzosi. Uzuie njiani, uufanye uzungushe gurudumu dogo lenye mapezi. Kwenye ekseli ya gurudumu hilo funga gurudumu la pili, nalo lisukume hewa safi kurudi kwenye injini kwa shindikizo. Moshi wa leo unapika chakula cha kesho. Hiyo ndiyo turbo, na ukiiona mezani inafanana na konokono wawili waliogeukiana migongo.

Kwa miongo mingi ilitumika zaidi kwenye meli, malori na ndege. Katika mashindano ya dunia ya rali, gari la kwanza la turbo kushinda lilikuwa Saab 99 Turbo ya Stig Blomqvist, Sweden, mwaka 1979. Lakini Sweden ni theluji na baridi. Watu wengi waliamini kwamba turbo haitavumilia Afrika Mashariki, na walikuwa na sababu. Gurudumu lile huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, likipigwa na moshi wenye joto la mamia ya nyuzi. Ekseli yake inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Chembe ya vumbi ikiingia, au oili ikichelewa sekunde chache, basi. Mwaka 1983 Audi Quattro ya Hannu Mikkola, yenye turbo na magurudumu manne yanayovuta, ilikuja ya pili Safari. Aliyeshinda alikuwa Ari Vatanen kwa Opel Ascona isiyo na turbo wala magurudumu manne.

Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Björn Waldegård alishinda Safari ya 1984 akiwa na Toyota Celica Twincam Turbo. Juha Kankkunen akashinda na gari la aina hiyo 1985, Waldegård tena 1986. Miaka mitatu mfululizo. Gari lile lilivuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Injini yake ilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 2,090, ambazo kwa kanuni za wakati ule, zilizozidisha ujazo wa injini ya turbo kwa 1.4, zilihesabiwa kama 2,926, chini kidogo ya mpaka wa lita tatu. Timu ya Toyota iliyoongozwa na Ove Andersson ilikuja na helikopta, magari ya huduma, na mafundi waliofungua na kufunga gari kwa dakika. Siri ilikuwa hapo. Turbo ilivumilia Kenya kwa sababu kulikuwa na mikono mingi iliyoiangalia kila ilipopumzika.

Nina kumbukumbu nyingine ya historia hiyo ninayoipenda zaidi, kwa kuwa inahusu gari dogo. Mwaka 1993 Toyota nne zilichukua nafasi nne za kwanza za Safari. Nyuma yao, katika nafasi ya 12, alikuja Mkenya Patrick Njiru akiendesha Subaru Vivio, na akashinda daraja lake. Vivio ni gari la mjini la Japani, lenye injini ya sentimita za ujazo 658. Kuna pikipiki zenye injini kubwa kuliko hiyo. Hewa yake ilisukumwa na supachaja, ambayo ni binamu ya turbo: badala ya kuzungushwa na moshi, inazungushwa na belti ya injini yenyewe. Aina yake ya barabarani ilikuwa na uzito wa kilo 700 hivi. Colin McRae, ambaye baadaye angekuwa bingwa wa dunia, naye alianza Safari hiyo na Vivio, lakini hakufika mwisho. Mwaka 1994 Njiru alikuja wa nne kwa jumla akiwa na Subaru Impreza, na mshindi alikuwa Mkenya mwenzake, Ian Duncan, kwa Celica ya turbo.

Nadhani kuanzia hapo ndipo vijana wa huku walipoelewa kitu ambacho wahandisi walikuwa wakikijua: huhitaji gari kubwa. Unahitaji gari jepesi na injini inayopumua vizuri.

Na magari mepesi yalikuwa njiani. Miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1990 serikali ililegeza masharti ya uagizaji na ya fedha za kigeni, na bandari ya Mombasa ikaanza kupokea magari yaliyotumika Japani kwa wingi ambao haukuwa umeonekana. Jambo hili lilikuja wakati ndoto nyingine ikizimika. Mwaka 1986 Rais Moi alikuwa ameagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Walimu na wanafunzi wa uhandisi walijitahidi, na kufikia 1990 kulikuwa na magari matano ya majaribio yaliyoitwa Nyayo Pioneer. Yalitembea. Hayakuwahi kuingia kiwandani kwa wingi. Wengine huicheka habari hii. Mimi siicheki, lakini ninaona funzo lake: taifa lilijaribu kuruka kutoka kwenye kufunga upya hadi kwenye kuunda, bila kuwauliza waliokuwa wakifunga upya kwa miaka 90.

Kati ya magari yaliyotoka Japani kulikuwa na Toyota Starlet ya umbo la EP82, iliyotengenezwa kuanzia 1989 hadi 1995. Ilipendwa na walimu, wauguzi na wafanyabiashara wadogo. Wengi wetu tuliijua ikiwa na injini ya kawaida ya 1.3, isiyofika mbali zaidi ya nguvu za farasi 100. Lakini Toyota ilikuwa imeitengenezea ndugu, GT Turbo, yenye injini iitwayo 4E-FTE: sentimita za ujazo 1,331, turbo ndogo ya aina ya CT9, nguvu za farasi 135 katika gari lenye uzito wa kilo 830 hivi. Piga hesabu: kila farasi mmoja anabeba kilo sita tu. Kwa nje utaijua kwa lile tundu juu ya boneti, linaloingiza upepo wa kupoza hewa iliyoshindiliwa.

Leo huwezi kuiagiza. Kanuni ya Shirika la Viwango la Kenya, KS 1515:2000, hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Starlet zilizopo nchini ndizo hizohizo, zinazeeka pamoja nasi. Kilichobaki ni injini za mitumba na spea zinazotoka Japani ndani ya makontena, zikauzwa Nairobi kwenye maduka ya Kirinyaga Road na Grogan. Kwa hivyo anayetaka Starlet ya turbo anafanya lile ambalo Kisumu ilifanya mwaka 1900. Ananunua vipande, anatafuta mtu wa kuviunganisha.

Mtu huyo kwetu ni mzee ambaye kila mtu humwita Jaduong'. Hapendi jina lake liandikwe, nami nimemheshimu. Alianza kazi akiwa kijana Kisumu, kwa Mhindi, akifagia na kuosha sehemu za injini kwa mafuta ya taa. Alirudi Bondo na sanduku moja la spana.

Aliyemletea injini alikuwa kijana anayenunua omena Usenge na kuisafirisha Kisumu. Alikuwa ameweka akiba kwa misimu miwili. Injini aliichagua Nairobi, akaletewa na lori, imefungwa kwa nailoni, waya zake zimekatwa kama nywele. Ilikuwa wakati uvuvi wa omena umefungwa, kwa hivyo alikuwa na nafasi ya kukaa gereji kutwa. Nami nilikuwa likizoni. Nilikwenda nikiwa na swali la wanafunzi wangu kichwani, nikakaa wiki kadhaa.

"Tuifunge tu, Jaduong'," kijana alisema siku ya kwanza. "Wamesema Nairobi hii imetoka kwa gari ikitembea."

"Na wewe uliisikia ikitembea?"

"Hapana."

"Basi tutaifungua, wuoda."

Waliifungua. Kwa wiki ya kwanza ile injini ilikuwa gunia lililotandazwa chini, kila kitu juu yake kwa mpangilio: pistoni nne zikifuatana, bolti za silinda hedi zimechomekwa kwenye kadibodi kwa mpangilio zilivyotoka. Jaduong' alizichora namba kwa rangi nyeupe. Nilipoziona nikakumbuka Paisley.

Beringi mbili za kranki zilikuwa na mikwaruzo. Kwa jicho langu zilikuwa nzuri, zinang'aa. Yeye alipitisha ukucha juu yake, akanishika kidole na kukipitisha hapohapo. Mkwaruzo ulikwama kwenye ukucha. "Hii ingeenda mwezi mmoja," alisema. "Halafu ingenoki." Turbo ikiongeza hewa inaongeza moto, na moto unaisukuma pistoni kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo yote inatua juu ya beringi nyembamba kuliko kadi ya harusi. Kwenye injini ya kawaida beringi iliyokwaruzika inaweza kukuvumilia. Hii haina huruma.

Kwa hiyo walingoja. Beringi zilitoka Nairobi, si za kwanza walizoletewa, kwa sababu za kwanza hazikuwa na kipimo sawa na Jaduong' alizirudisha. Silinda hedi ilipelekwa Kisumu kusawazishwa kwa mashine. Turbo yenyewe aliishika ekseli yake kwa vidole viwili, akaisukuma huku na huku, akaivuta na kuirudisha. Mchezo mdogo wa pembeni ni wa kawaida, alieleza, kwa kuwa inangoja oili iijaze. Mchezo wa kuingia na kutoka ndio kifo. Aliikubali. Akaibadilishia mpira wa kupeleka oili, akasafisha bomba la kuirudisha hadi mwanga ukaonekana upande wa pili.

Kufunga injini ndani ya gari kulikuwa kwepesi kuliko nilivyodhani, maana 4E-FTE na ile ya kawaida ni za ukoo mmoja na vishikizi vyake vinakaribiana. Kazi ilikuwa kwenye waya. Kompyuta ya injini ya turbo hupima shindikizo la hewa na kuamua petroli kiasi gani iingie. Waya moja ikikosewa, petroli ni kidogo, moto unawaka kabla ya wakati wake, na pistoni inapigwa kama nyundo hadi inatoboka. Binti mmoja, mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga hapo jirani, ndiye aliyekuja jioni tatu na mchoro kwenye simu yake. Jaduong' hasomi michoro ya aina hiyo. Yeye alishika taa. Nilimwona fundi wa miaka 50 akimshikilia taa binti wa miaka 20, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa mimi.

Walipoiwasha mara ya kwanza, waliizungusha kwa stata plagi zikiwa zimetolewa, mpaka taa ya oili ikazima. Turbo isizunguke kavu hata sekunde moja. Kisha wakarudisha plagi. Ikashika. Moshi kidogo, halafu mlio ulionyooka.

Kijana alitaka ufunguo. Ndipo ugomvi ulipotokea.

Jaduong' alikataa kumpa. Breki za mbele zilikuwa bado zile za gari la kawaida, na hakutaka gari litoke uwanjani mpaka ziwekwe za turbo, ambazo ni kubwa zaidi. Kijana alikuwa amemaliza pesa. Alisema kwa hasira kwamba gari ni lake. Mzee hakujibu. Aliingia kibandani, akatoka na daftari la shule la kurasa 96, akalifungua karibu na mwanzo, akanipa mimi nisome kwa sauti kwa kuwa mimi ndiye mwalimu.

Lilikuwa ukurasa wa gari jingine, la miaka mingi nyuma. Namba ya injini, vipimo, tarehe. Chini yake, kwa mwandiko wa mkono uliobonyeza kalamu kwa nguvu: breki hazikubadilishwa, mwenyewe amekataa. Na mstari mmoja zaidi: Ndori, gari limepinduka, mguu.

"Huyo mguu anatembea nao mpaka leo," Jaduong' alisema. "Tunapatana sokoni. Yeye husema ni makosa yake. Ni mimi nilimpa ufunguo."

Kijana alinyamaza. Gari lilikaa pale mpaka omena ilipofunguliwa na pesa za breki zikapatikana. Alipokabidhiwa aliambiwa maneno mawili: kilomita 1,000 za kwanza usiikanyage, na kila ukifika unakokwenda usiizime mara moja. Iache ingurume kidogo, oili iendelee kupita mpaka turbo ipoe, la sivyo oili itaganda ndani na kuwa makaa. Nimemwona mara kadhaa Kisumu, amesimama kando ya gari lililofika, injini inanguruma, yeye anangoja. Watu humwuliza anangoja nani.

Lakini ninataka kurudi kwa lile daftari, kwa kuwa ndilo jibu langu kwa wanafunzi.

Ukitaja historia ya Bondo, watu hufikiria Kang'o ka Jaramogi. Ni haki. Oktoba 2025 nchi nzima ilikuja hapa kumzika Raila Odinga. Hotuba zilikuwa za siasa, na ingekuwaje vingine. Ni wachache waliokumbuka kwamba kabla ya yote mtu huyo alikuwa mhandisi wa mitambo, aliyesomea Magdeburg, Ujerumani Mashariki, akarudi nyumbani 1970, akafundisha chuo kikuu, akaanzisha kiwanda cha mitungi ya gesi, na akafanya kazi katika Shirika la Viwango mpaka alipokamatwa mwaka 1982. Yaani kazi yake ilikuwa kupima. Hata mtu mashuhuri kiasi hicho, sehemu yake iliyoshika chuma na vipimo tumeiacha ififie. Sembuse fundi wa kando ya barabara.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti yake maarufu kuhusu ajira nchini Kenya, iliyowaeleza walimwengu kwamba wafanyakazi wadogo wasio na leseni wala paa ni sehemu halisi ya uchumi. Baadaye sisi tukawaita jua kali, tukawajengea vibanda hapa na pale. Tuliwahesabu. Hatukuwasoma. Tuliwaona kama watu wanaopata riziki, na kweli wanaipata, lakini hatukuona kwamba kichwani mwao kuna maktaba, na kwamba maktaba hiyo inazikwa kila wiki, mazishi ya kawaida ya Ijumaa na Jumamosi, yenye turubai na nyimbo.

Jaduong' sasa sikio lake la kushoto halisikii vizuri. Hutega la kulia kwenye ncha ya bisibisi ndefu, ncha nyingine imegusa bloku, na humo husikia beringi, vali na pampu kila moja kwa sauti yake. Likizima na hilo la kulia, kitakachobaki ni daftari. Nimemwomba ruhusa ya kulipiga picha, ukurasa kwa ukurasa, na amekubali kwa sharti moja: yule binti wa chuo naye awe anaandika ndani yake kila anapokuja, kwa jina lake kamili.

Kurasa zilizojaa ni 71. Kwenye ukurasa wa Starlet kuna namba ya injini, kipenyo cha kila silinda, kipimo cha beringi mpya, na mstari wa breki wenye alama ya vema. Kuna miandiko miwili.